Simba wa shangazi

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi, mniwie radhi. Wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama nimeoa kimyakimya au nimehama mji. Wala. Nilikuwa na mbwa. Tena si mbwa wangu, ni wa shangazi, na nikimaliza kusimulia mtanisamehe.

Ilikuwa saa tano usiku, joto lile la mwezi wa pili ambalo wakazi wa Dar mnalijua, shuka linageuka adui. Umeme umekatika Mwananyamala nzima. Simu ikaita. Shangazi hakusalimia, na huyu ni mtu ambaye salamu zake huanza kwako zikaishia kwa kuku wako. Alisema, "Baba, njoo. Simba anakufa."

Ngoja kwanza nieleze Simba ni nani, maana wengine mtadhani ni mambo ya mpira.

Shangazi alipika miaka kumi na moja kwenye nyumba moja ya Wazungu kule Masaki. Mkataba wao ulipokwisha wakauza gari, wakauza friji, wakauza mpaka mapazia. Mbwa hakupata mnunuzi, na kumsafirisha kulihitaji nauli na makaratasi mengi kuliko ya mtu. Basi wakamwachia shangazi, pamoja na sufuria tatu na mashine ya kukaushia nguo ambayo hadi leo inatumika kama meza. Mbwa alikuja na jina la huko kwao, refu, la kukata ulimi. Lakini siku aliposhushwa kwenye bajaji pale mtaani, manyoya ya shingoni yamemtimka, watoto wakamkimbilia wakipiga kelele, "Simba! Simba!" Jina likaganda. Jirani mmoja, Yanga wa kulia machozi kabisa, mpaka leo anamwita "yule mnyama".

Ukimwona utacheka. Ukubwa wake ni kama sufuria ya wali wa watu sita. Miguu mifupi imejipinda. Macho yamejaa na kutokeza nje, na uso umebonyea kama aliyekimbia akagongana na mlango wa kioo. Aina yake inaitwa Pekingese.

Sasa, kwetu mbwa ni suala zito. Sisi ni Washafii wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, yakikupata unaosha mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Shangazi anayajua hayo kuliko mimi. Ana kanga maalumu ya kumbebea Simba, ana ndoo yake, na kizingiti cha chumba anachoswalia mbwa hajawahi kukivuka. Lakini baba yangu, ambaye ni kaka yake, hakutaka kusikia. Tangu bajaji ile ishushe mzigo hakuingia tena ndani ya nyumba ya dada yake. Akija anakaa barazani, anapewa kahawa, anaongea naye kupitia dirishani, anaondoka. Watu wawili waliozaliwa tumbo moja, kati yao nondo za dirisha. Na sitawaficha, mimi nilikuwa upande wa baba. Nilishawahi kumwambia shangazi kwamba paa lake linavuja na yeye analisha mbwa nyama. Hakunijibu.

Haya. Nikapanda bodaboda, tukapitia kwa mama anayeuza barafu za mifuko, nikazoa zilizobaki kabla hazijayeyuka. Nilimkuta Simba kalala ubavu kwenye sakafu, ulimi nje, umeshaanza kubadilika rangi kuwa zambarau. Sauti aliyokuwa akitoa ni kama mtu anayenyonya juisi kwa mrija ulioziba. Shangazi alikuwa anampepea kwa kipepeo cha jiko. Tukafunga barafu kwenye kanga, tukamwekea kwapani na mapajani, tukamlowesha maji, tukapokezana kupepea. Kufika saa nane usiku akainua kichwa.

Asubuhi akaja daktari wa mifugo. Akamchungulia puani, akamfungua mdomo, akasema, "Mama, huyu haumwi. Ameumbwa hivi."

Shangazi akamtazama kwa muda. "Mungu haumbi kiumbe ili ashindwe kupumua," akasema. "Kuna mtu kamfanya hivi." Halafu akanigeukia mimi. "Wewe si mwandishi wa habari? Nitafutie huyo mtu."

Ndugu zangu, nimewahi kupewa kazi ya kutafuta fedha zilizopotea na haikunisumbua kama hii.

Ukiulizia asili ya Pekingese, jambo la kwanza unalokutana nalo ni hilo hilo walilolisema watoto wa Mwananyamala. Simba. Wachina wana hadithi kwamba simba alimpenda kima mdogo, akaenda kwa Buddha kulia kwamba mapenzi hayawezekani kwa tofauti ya ukubwa. Buddha akampunguza mwili, akamwachia moyo wake wa simba, na watoto waliozaliwa ndio mbwa hawa. China haina simba wa porini. Simba aliingia huko akiwa ndani ya dini, dini ya Buddha ilipotoka India, akiwa kwenye sanamu na michoro. Wachongaji waliomchonga wengi hawajawahi kumwona. Wakampa macho ya mviringo, nywele za mafundo, uso bapa na mdomo mpana. Ukiwatazama wale simba wa mawe wanaokaa milangoni kwenye majumba ya Kichina, halafu ukamtazama Simba wa shangazi, hutauliza tena.

Hapo nikakutana na kitu kilichonifanya nisimame nitembee kidogo chumbani. Kuna jiwe la maandishi la mwaka 1431 huko Changle, jimbo la Fujian, ambalo amiri Zheng He alilisimamisha kueleza safari zake za baharini. Limeorodhesha zawadi za wanyama kutoka nchi za mbali. Mogadishu walitoa punda milia na simba. Barawa, ndio, Barawa hii yenye Kiswahili chake cha Chimwiini, walitoa ngamia na mbuni. Kwa hiyo simba wa kweli walifika China, wengine wakitokea pwani yetu hii hii. Ila walichelewa. Simba wa kweli alikuta picha yake imeshachorwa bila yeye, na mbwa akaendelea kufananishwa na picha.

Mbwa wadogo wenyewe wana historia ndefu zaidi. Kumbukumbu za enzi ya Tang zinasema kwamba mwaka 624 mfalme wa Gaochang alimpelekea mfalme wa China mbwa wawili wadogo sana, waliofundishwa kuongoza farasi kwa kushika hatamu na kubeba mshumaa mdomoni. Kama hao ndio mababu wa Pekingese, wataalamu wanabishana. Kisayansi, mwaka 2004 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya aina 85 za mbwa, na Pekingese akaangukia kwenye kundi dogo lililo karibu zaidi na mbwa mwitu. Yaani hiki kimto chenye macho kiko karibu na mbwa mwitu kuliko mbwa polisi anayekutisha getini! Kwenye kundi hilo hilo yupo mbwa wa Kongo aitwaye Basenji, jina ambalo Mswahili akilisikia atashtuka, maana ni lile lile neno letu washenzi, limepitia Kilingala. Mbwa wa washenzi na mbwa wa mfalme, ukoo jirani. Ningependa kulijua hilo siku nilipokuwa namcheka shangazi.

Chini ya watawala wa Qing mbwa hawa walikuwa mali ya kasri la Peking. Matowashi ndio waliowatunza na kuwazalisha, kwa rangi, kwa umbo la uso, kwa alama ya paji. Wadogo kuliko wote walibebwa ndani ya mikono mipana ya majoho, ndiyo maana wakaitwa mbwa wa mkononi, mkono wa nguo. Huyo ni kiumbe aliyetengenezwa asikimbie, asiwinde, asilinde. Kazi yake ilikuwa kupakatwa.

Halafu ukaja mwaka 1860, na hapa ndipo nilipoacha kucheka kabisa.

Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani na China, vita vya pili vya kasumba. Mfalme Xianfeng akakimbilia kaskazini, pamoja na suria wake ambaye baadaye dunia ilimjua kama Cixi. Oktoba, majeshi yakafika Yuanmingyuan, kasri la mabustani nje kidogo ya Peking, lililojaa hariri, saa, vitabu, dhahabu na kauri. Askari wakapora kwa siku kadhaa. Tarehe 18 Oktoba Lord Elgin, mkuu wa upande wa Waingereza, akaamuru lichomwe, kulipiza kisasi kwa mateka wao walioteswa na kufa. (Baba yake Elgin huyu ndiye yule aliyebandua sanamu za marumaru za Parthenon kule Athens. Kuna familia zina kipaji.) Mwaka uliofuata Victor Hugo aliandika barua akazifananisha nchi hizo mbili, na yake ikiwemo, na majambazi wawili walioingia kwenye jumba la watu.

Ndani ya kasri lile walibaki mbwa. Simulizi ya kawaida inasema walikuwa watano, wakimlinda bibi mmoja wa ukoo wa kifalme aliyejiua ili asikamatwe. Hilo la bibi mimi naliweka kando, lina harufu ya maneno ya mezani. Lakini mbwa waliofika Uingereza ni wa kweli. Mmoja alichukuliwa na kapteni John Hart Dunne wa kikosi cha 99, naye Aprili 1861 akamtoa zawadi kwa Malkia Victoria. Wakampa jina Looty. Neno lenyewe Waingereza walilichota India, kwenye Kihindi, na maana yake ni mali ya kuporwa. Kwa Kiswahili cha mtaani tungemwita Kaporwa. Hawakuona haya. Hawakumwita Maua au Lulu wakauficha wizi. Waliuvisha mkufu wa shingoni, wakauita jina, ukaitika.

Mchoraji Friedrich Keyl alimchora mwaka huo huo 1861, kakaa kwenye mto mwekundu. Picha ipo hadi leo kwenye hazina ya kifalme ya Uingereza. Looty aliishi huko miaka kumi na moja, akafa mwaka 1872. Jina alilokuwa akiitwa Peking halikusafiri naye.

Nimeitazama sana picha hiyo, na kuna kitu nataka mkishike. Looty ana pua. Fupi, lakini ipo, inatokeza mbele ya macho. Simba wa shangazi hana. Kwake pua imezama kati ya macho kama kitufe kwenye godoro.

Kilichotokea katikati ni hiki. Mwaka 1896 waliingizwa Uingereza mbwa wawili wengine, Ah Cum na Mimosa, na huyo Ah Cum akazaa sana. Alipokufa akajazwa nyasi, na amehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tring. China kwenyewe Cixi, sasa mtawala, alianza kugawa mbwa hawa kwa wageni aliotaka kuwatuliza, na mwaka 1905 binti wa rais wa Marekani, Alice Roosevelt, alirudi kwao na mmoja. Mwaka 1906 chama cha mbwa cha Marekani kikamwandikisha rasmi kama aina inayojitegemea. Cixi akafa 1908, ufalme ukaanguka 1912. Mwaka huo huo meli ya Titanic ikazama, watu zaidi ya 1,500 wakafa, na miongoni mwa mbwa watatu waliookolewa mmoja alikuwa Pekingese wa abiria wa daraja la kwanza. Jina lake Sun Yat-sen. Mwanamapinduzi aliyeangusha kasri, jina lake kapewa mbwa wa kasri, na mbwa kapata nafasi kwenye boti ambayo watoto wa daraja la tatu hawakuipata. Someni tena sentensi hiyo, mimi niliisoma mara tatu.

Baada ya hapo ni maonyesho. Mbwa anapandishwa mezani, majaji wanampima kwa maandishi yanayosema aina hii iwe na uso gani, macho gani, manyoya gani. Uso bapa ukipata kombe, kila mfugaji anataka uso bapa zaidi. Huko New York, kwenye maonyesho ya Westminster, Pekingese ameshinda mara tano, ya mwisho ikiwa 2021. Manyoya yakarefuka, pua ikarudi ndani, kizazi kwa kizazi, na hakuna mtu hata mmoja unayeweza kumnyooshea kidole kwamba ni wewe.

Mwili unalipa. Miguu mifupi ile inatokana na kinasaba kimoja kilichojinakili mara ya pili mahali pasipo pake. Utafiti wa 2009 ulikigundua kwa mbwa wa miguu mifupi wa aina nyingi, wa Ulaya na wa Asia. Hiyo walau ni bahati mbaya ya maumbile iliyokuja kupendwa. Uso ni habari nyingine. Fuvu linafupishwa lakini nyama za ndani hazifupiki kwa kiasi hicho, zinakunjamana kooni na kuziba njia ya hewa, na matundu ya pua yanabaki kama mikato ya wembe. Mbwa hatoi jasho la kumpoza kama mimi na wewe. Anajipoza kwa kuhema. Sasa chukua kiumbe ambaye kuhema ndiyo feni yake, mzibe koo, mvishe koti la manyoya, halafu mlete Dar es Salaam mwezi wa pili umeme ukiwa umekatika.

Mwaka 2008 BBC walirusha filamu juu ya magonjwa ya mbwa wa aina safi. Ilimwonyesha Pekingese aliyeshinda maonyesho makubwa ya Crufts mwaka 2003, akiwa amekalishwa juu ya mfuko wa barafu ili joto lisimzidi. Nilipofika hapo nikakumbuka ile mifuko yangu niliyoikimbiza kwa bodaboda. Bingwa wa Crufts na mbwa wa Mwananyamala, dawa moja. Kelele zikawa kubwa, BBC wakaacha kurusha Crufts, na Oktoba 2008 chama cha mbwa cha Uingereza kikabadili maandishi yake: Pekingese lazima awe na pua inayoonekana. Miaka 147 tangu Looty achorwe akiwa nayo.

Na Peking kwenyewe? Chini ya ukomunisti kufuga mbwa mjini kulionekana ubepari, wakapigwa vita kwa miaka mingi. Sheria ilipolegea mwaka 1995 iliruhusu katikati ya jiji mbwa asiyezidi kimo cha sentimita 35, kwa ada ya yuan 5,000. Mbwa wa mfalme akawa mbwa wa wazee wa mitaani, anatembezwa jioni na bibi wenye ndala. Hili ndilo pekee kwenye historia nzima lililonifurahisha.

Jumamosi nikaenda kumsomea shangazi. Alikuwa anachambua mchele, Simba kalala kwenye sakafu ya saruji, kitambaa chenye maji mgongoni. Baba alikuwa barazani kama kawaida, kikombe mkononi, mgongo kwa dirisha. Nikasimulia yote, simba wa mawe, matowashi, moto. Nilipofika kwenye jina, shangazi akaacha mchele.

"Wakamwita Kaporwa? Mbele za watu?"

"Ndiyo."

"Na akawa anaitika?"

"Mbwa ataitika nini, shangazi."

Akanyamaza. Halafu akasema wale waliomwachia Simba, siku ya kuondoka, watoto wao walimkumbatia mbwa wakalia, na yeye walimpa mkono. Miaka kumi na moja. Alisema hivyo bila hasira, kama anayetaja bei ya mchele, akaendelea kuchambua.

Daktari ameshasema kuna upasuaji. Wanapanua matundu ya pua, wakiona inafaa wanapunguza na ile nyama ya kooni. Si hakika, na dawa ya usingizi kwa mbwa wa uso huu ni hatari yenyewe. Nilimtajia bei niliyoambiwa. Ni karibu sawa na fedha aliyoweka kwa ajili ya bati. Nilijua angeuliza ningefanya nini mimi, na nilikuwa nimeandaa jibu la kisomi kabisa. Hakuniuliza. Aliuliza kama mvua za masika mwaka huu zitawahi.

Simba akaamka, akaanza kukoroma ule mkoromo wake wa mchana, mgumu. Shangazi alikuwa na mikono yenye vumbi la mchele, nami nilikuwa nimekaa mbali na ndoo. Kutoka dirishani ikasikika sauti ya baba, bila kugeuka.

"Huyo simba wenu ana kiu. Hamumsikii?"

Nikanyanyuka nikachota maji.